Miaka minane na kadi ya matibabu ya wastaafu wa kiwandani

Bahasha ilikuwa nene, nikaiacha mezani siku mbili bila kuigusa. Ilikuwa Februari 2019, wiki tatu baada ya kubadilishiwa goti la kulia. Nilipopata moyo wa kuifungua nikakuta kurasa sita: chumba cha upasuaji, goti lenyewe la chuma, daktari wa usingizi, siku mbili za kulala wodini, mazoezi ya viungo. Jumla dola 61,480. Mstari wa mwisho ulikuwa mfupi: unachodaiwa wewe, dola 400. Niliusoma mara nne. Kisha nikampigia dada yangu Tanga, huko saa nane ya usiku, nikamwambia, "Ule mgomo wetu umelipa leo."

Leo natoa tathmini ya kadi iliyolipa goti hilo. Ni kadi ya mfuko wa matibabu wa wastaafu wa kiwanda chetu, na nimeitumia tangu Machi 2017. Jina la kampuni na la mfuko silitaji, kwa sababu nina malalamiko yangu na bado nayafuatilia kwenye vikao vya wadhamini wanaousimamia. Kiwanda kiko kaskazini mwa Ohio, Marekani, si mbali na Toledo. Tulikuwa tunatengeneza vipuri vya breki na ekseli. Niliingia mwaka 1991, nikakaa miaka 26, kumi na mmoja ya mwanzo zamu ya usiku.

Naandika kwa sababu ya swali moja ninaloulizwa msikitini, arusini na hata msibani, na vijana wetu walio viwandani Columbus, Dayton, Louisville na Grand Rapids: "Mama, nibaki hapa kiwandani kwa ajili ya hizo faida za uzeeni, au nihamie ghala linalolipa dola mbili zaidi kwa saa?" Nimelijibu vipande vipande kwa miaka. Acha nilijibu lote mara moja.

Aliye nyumbani aelewe kwanza mambo yalivyo huku. Marekani bima ya afya ya mfanyakazi hutoka kwa mwajiri wake. Ukiacha kazi, bima nayo inakuacha. Serikali inakupokea kwenye Medicare, bima yake ya afya ya wazee, ukifika miaka 65. Lakini goti, bega na mgongo wa mtu wa kiwandani haungoji 65. Wengi tunaisha kati ya 57 na 62. Hapo katikati ndipo mtu anapoteketea: hana mwajiri, hajafika Medicare, na mwili ndio kwanza unadai. Rafiki yangu tuliyeanza kazi mwaka mmoja aliondoka mapema kwenda kwenye maghala, akaacha kazi akiwa na miaka 60, na kwa miaka mitano alilipia bima binafsi zaidi ya dola 900 kila mwezi. Mimi mwaka ule niliostaafu nilikatwa dola 62 kwa mwezi kwenye pensheni. Sasa ni dola 138.

Kwa hiyo jambo la kwanza niseme wazi: kadi hii imenivusha. Kati ya miaka 61 na 65 imelipa goti, imelipa mtoto wa jicho upande mmoja, imelipa dawa za sukari na presha bila kukosa mwezi. Dawa zangu huja kwa posta, za miezi mitatu kwa mpigo, na hazijawahi kuchelewa zaidi ya siku mbili. Kwenye dawa nawapa nyota tano, na ningewapa ya sita kama ingekuwapo.

Lakini kadi hii haikuletwa na huruma ya mtu, na bila kujua ilikotoka huwezi kujua inaelekea wapi.

Kwenye ukumbi wa chama chetu kulikuwa na picha ya Walter Reuther, yule aliyekuwa rais wa UAW, chama cha wafanyakazi wa magari. Mwakilishi wetu wa zamani, mzee aliyekuwa amesoma mikataba kama watu wanavyosoma msahafu, alikuwa akituweka chini ya picha ile na kutueleza. Mwaka 1950 UAW na kampuni ya magari ya General Motors (GM) walitia saini mkataba wa hali bora wa miaka mitano ambao watu waliuita Mkataba wa Detroit. Wafanyakazi walipata pensheni ya dola 125 kwa mwezi ukijumlisha na ya serikali, na kampuni ikakubali kulipa nusu ya bima ya hospitali. Kufika miaka ya 1960 kampuni ilikuwa inalipa bima yote, na ya wastaafu pia.

Mzee alituuliza: kwa nini matajiri walikubali upesi hivyo? Akajijibu: kwa sababu siku ile haikuwagharimu kitu. Wastaafu walikuwa wachache, magari yalinunuliwa kama karanga, na ahadi ya matibabu ya miaka thelathini mbele haikuandikwa hata kwenye vitabu vya hesabu. Nyongeza ya mshahara hulipwa Ijumaa hii. Matibabu ya uzeeni atalipa meneja ambaye bado yuko shule ya msingi. Reuther mwenyewe hakuwa ameridhika na mpango huu. Alitaka bima ya taifa zima, na akaipigania mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1970. Nikisimama ukingoni mwa mto Detroit naiona Windsor, Kanada, ng'ambo tu. Mstaafu wa kiwanda cha magari kule hupata daktari na hospitali kwa sababu ni mkazi wa Kanada, si kwa sababu kampuni yake ilitimiza ahadi. Mto mmoja tu katikati.

Vitabu vya hesabu vilikuja kusema ukweli mwanzoni mwa miaka ya 1990, kanuni mpya ilipolazimisha kampuni kuandika deni hilo. Mwaka 1992 General Motors ilitangaza hasara ya dola bilioni 23.5, na sehemu kubwa ilikuwa hilo deni la matibabu ya wastaafu lililokuwa halijawahi kuonekana kwenye karatasi. Kufika 2004 kampuni hiyo ilikuwa inatumia dola bilioni 5.2 kwa mwaka kwa matibabu ya watu milioni 1.1: wafanyakazi, wastaafu na familia zao. Ilisemwa kila gari lilibeba karibu dola 1,500 za matibabu, kuliko thamani ya chuma kilichomo. Magazeti yakaandika kwamba wazee wanaizamisha kampuni. Nilikuwa nikisoma hayo wakati wa mapumziko, mikono ina grisi, na yaliniumiza. Yule mzee anayeambiwa anazamisha kampuni ndiye aliyekubali nyongeza ndogo mwaka 1961, na 1970, na 1982, ili apate bima hiyo. Alikwisha kuilipia. Kosa ni kwamba fedha aliyoiacha mezani hakuna aliyeiweka pembeni kwa jina lake.

Na ahadi isiyowekewa fedha inavunjika kwa siku moja. Mwaka 1986 kampuni ya chuma ya LTV ilipofilisika, wastaafu wapatao 78,000 walikatiwa matibabu, mpaka Bunge la Marekani likatunga sheria mwaka 1988 kwamba kampuni iliyo chini ya mahakama ya ufilisi isikate bila kukaa na wastaafu kwanza. Sheria hiyo haikuwaokoa wa Bethlehem Steel. Machi 2003 wastaafu na wategemezi wao wapatao 95,000 walipoteza bima. Watu waliomwaga chuma cha nchi hii.

Halafu tazama tofauti hii, ambayo nawaambia vijana kila wanaponiuliza chama kina faida gani. Julai 2008 General Motors ilitangaza kwamba wastaafu wake wa ofisini, wasio na chama, waliofika miaka 65, hawatapata tena bima ya kampuni kuanzia Januari 2009. Tangazo tu, basi. Wahandisi, makarani, mameneja wa zamani. Wa chama hawakuweza kufutwa kwa tangazo. Kwao ilibidi kampuni ikae mezani, na kabla ya hapo, Septemba 2007, watu wakagoma siku mbili nchi nzima. Kilichotoka ni mfuko. Kampuni zikakubali kutoa fedha nyingi mara moja, chama kikakubali kuzifungulia mlango zitoke kwenye ahadi zao, na tangu Januari 1, 2010 mfuko huo wa amana ndio unaolipia matibabu ya wastaafu wa GM, Ford na Chrysler. Ulianza na zaidi ya watu laki nane, chini ya kamati ya watu 11, watano kutoka chama na sita wa nje. Ulitikisika mara moja: mwaka 2009 Chrysler na GM zote zilifilisika, na sehemu ya fedha iliyoahidiwa ikageuzwa hisa. Wastaafu wakapoteza bima ya meno na macho mwaka ule. Lakini mfuko ukasimama, na mwanzoni mwa 2014 ukakubali kuiuzia Fiat hisa zake za Chrysler kwa dola bilioni 4.35.

Kiwanda chetu kidogo kilifuata nyayo zile zile. Januari 2008 tulitoka nje, wiki saba, baridi ya kuvunja meno. Posho ya mgomo ilikuwa dola 200 kwa wiki. Nilikuwa zamu ya lango la kaskazini, saa kumi alfajiri mpaka saa nne. Nilikuwa nabeba chai ya tangawizi kwenye chupa kubwa, na wanaume wa Ohio ambao hawajawahi kusikia jina la Tanga wakawa wanaiuliza kabla ya kuuliza habari za mazungumzo. Wiki ya saba tukaitwa kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule ya sekondari kupiga kura. Masharti yalikuwa haya: kampuni itaweka fedha kwenye mfuko kwa awamu tatu, kisha haitadaiwa tena, na atakayeajiriwa baada ya siku ile hatakuwamo. Hatapata pensheni ya zamani wala matibabu ya uzeeni.

Nilikuwa na miaka 51. Nilipiga kura ya ndiyo.

Wale waajiriwa wapya wa kwanza waliingia Mei. Nilipewa mmoja nimfundishe. Alikuwa kijana mpole, mkono wa kushoto, mwepesi kujifunza. Tulinyanyua kipuri kile kile chenye uzito wa kilo 14, kwenye mashine ile ile, mafuta yale yale yakituruka machoni. Alikatwa ada ya chama kama mimi. Siku niliyoagwa, Machi 2017, yeye ndiye aliyebeba keki kutoka getini. Watu walipotawanyika alinisaidia kupeleka maua kwenye gari, akaniuliza kwa adabu kabisa, bila chuki, "Mama, na sisi je?" Sikuwa na jibu. Goti langu limelipwa na kura ambayo yeye hakuwepo kuipiga.

Hili linaingia kwenye tathmini kwa sababu ni sehemu ya huduma yenyewe. Mfuko usioingiza watu wapya ni kisima kisichopata mvua. Kila mwaka sisi tulio ndani tunazeeka, tunaugua zaidi, fedha ni zile zile na faida ya uwekezaji wake. Ndiyo maana makato yangu yamepanda kutoka dola 62 hadi 138, na kila Oktoba barua ya mabadiliko huja na kitu kilichopunguzwa. Mwaka 2020 waliondoa viatu vya wagonjwa wa sukari, vikarudi 2022 baada ya kelele kikaoni. Sisemi wadhamini ni wabaya. Nimekaa nao, nimewaona wakikokotoa.

Sasa malalamiko.

Nilipofika 65, mwaka 2021, nilijiunga na Medicare, na mfuko ukawa unajazia pale Medicare inapoishia. Huo ulikuwa mwaka wangu mzuri kuliko yote: daktari yeyote, hospitali yoyote, Medicare inalipa yake, mfuko unalipa iliyobaki. Kisha mwaka 2023 wadhamini wakatuhamishia sote kwenye mpango wa kampuni binafsi ya bima inayosimama badala ya Medicare ya kawaida. Unapunguza gharama za mfuko, hilo nimelielewa. Ila tangu hapo kila kipimo kikubwa lazima kiombewe kibali. Mwaka jana mgongo ulinikamata, daktari akataka picha ya MRI. Kibali kilichukua siku 23. Siku 23 nalala kwenye kiti kwa sababu kitandani siwezi. Kilipokuja, kilikuja bila maelezo wala pole. Katika hili nawapa nyota mbili, na ya pili ni kwa ajili ya nesi mmoja wa kwenye simu aliyekuwa akinipigia kila Jumatano kuniambia imefika wapi.

Ila kubwa kuliko mgongo wangu ni lile la jirani yangu. Ni mjane, mwenyeji wa Bukavu, mumewe alifanya kazi kiwandani kwetu miaka 19 na akafa 2020. Kwa mkataba wetu mjane anaendelea na bima. Kila baada ya miaka miwili mfuko hutuma barua ya uhakiki wa wategemezi: rudisha fomu ndani ya siku 60, la sivyo unaondolewa. Barua yake ilikuja kwa Kiingereza, kurasa nne, herufi ndogo. Aliiweka kwenye droo. "Mi niliwaza ni matangazo ya kuuzisha bintu," aliniambia baadaye, machozi yakimlengalenga. Aligundua ameondolewa akiwa kwenye kaunta ya duka la dawa, alipoambiwa dawa ya kifua ya mwezi ule ni dola 410.

Tulipiga simu pamoja. Mara ya kwanza tulikaa kwenye mstari dakika 52. Tukaomba mkalimani wa Kiswahili, akapatikana, lakini alikuwa mtu asiyejua mambo ya bima. Neno la "mjane mnufaika" akalitafsiri kama "mwanamke anayefaidika", na yule mama akanyamaza kwa aibu, akidhani anatuhumiwa kitu. Ilibidi nimpokonye simu nizungumze mwenyewe. Ilichukua miezi minne kumrudisha. Miezi minne ya dawa ya kifua tulichanga sisi, kwenye kikundi cha kina mama, dola ishirini ishirini. Mumewe aligoma nami lango lile lile la kaskazini. Alikunywa chai yangu. Hilo sijalisamehe, na nimelipeleka kwenye kikao cha wadhamini mara tatu. Ninachotaka ni kitu kidogo: barua ya uhakiki iwe na mstari mmoja kwa lugha wanazozungumza wanachama, wenye kusema "hii si tangazo, ukikaa kimya utapoteza bima". Mstari mmoja tu. Mara ya tatu waliandika kwenye daftari. Nasubiri barua zijazo zitoke nione.

Jambo lingine, hili ni la kwetu hasa sisi tulio na nyumba za kurudi. Nimejenga vyumba vitatu Tanga, na nia yangu ilikuwa kumalizia umri wangu kule, nikae barazani nisikie adhana ya karibu. Pensheni ya serikali ya Marekani itanifuata Tanga, kwa kuwa mimi ni raia. Medicare haitanifuata. Ukiondoa hali chache za pekee, hailipi matibabu nje ya Marekani. Mfuko wetu unalipa dharura tu, ndani ya siku 60 za kwanza za safari. Mwaka 2022 nilipata malaria kali nikiwa nyumbani, nikalazwa siku tatu. Nilirudi na risiti zote, hata ile ya EFD, ya mashine ya kodi. Mfuko ukazirudisha: tafsiri kwa Kiingereza, andika na namba ya ugonjwa. Daktari wa kule akanisaidia kwa WhatsApp, nikatuma upya. Fedha zilirudi mwezi wa tano. Zilirudi zote, nalisema hilo pia.

Wengi wetu tunaingia mtego hapa, kwa hiyo naomba muwe makini. Mtu anarudi nyumbani, anasema Medicare siitumii, anaacha kulipia Sehemu B, ile ya Medicare inayolipia madaktari, ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi. Miaka mitatu baadaye moyo unasumbua, anarudi Marekani, anajiunga tena, anakuta faini: asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyokaa bila Sehemu B, na faini hiyo anailipa maisha yake yote. Na mtego wa pili uko jirani na huo. Bima ya ustaafu haihesabiwi sawa na bima ya mtu aliye kazini. Ukifika 65 ukakaa bila Sehemu B kwa kudhani kadi ya wastaafu inatosha, faini inaanza kuhesabiwa. Nimeona wawili wakipigwa hivyo, wote watu wa kusoma.

Mimi nimegawanya: miezi kumi Ohio, miezi miwili Tanga. Kadi ndiyo iliyonipangia kalenda. Siku nyingine hilo hunipa uchungu, hasa Ramadhani.

Turudi kwenye swali la dola mbili. Kwa mwaka wa kawaida wa saa 2,080, dola mbili ni dola 4,160 kabla ya kodi. Miaka kumi ni 41,600. Bima ya rafiki yangu kwa miaka minne tu, kwa dola 900, inafika 43,200, na hapo hujagusa goti. Kwa hiyo kama jina lako limo kwenye mfuko na umebakiza miaka kumi au chini kustaafu, baki, uvumilie, usidanganywe na ghala. Hata wakikupa malipo ya mkupuo uondoke mapema, uliza kwanza kwa maandishi kama ukiyapokea unapoteza matibabu. Kwetu walioyapokea mwaka 2012 waliyapoteza, na maneno hayo yalikuwa ukurasa wa tisa.

Lakini kama uliajiriwa baada ya mlango kufungwa, hizo faida za uzeeni unazozibakia hazipo. Nawaambia waziwazi kwa sababu nimekutana na vijana watatu wanaoamini wanazo, eti kwa kuwa wazee wa laini ile ile wanazo. Kwenye kampuni tatu kubwa za Detroit mlango ulifungwa kwa mkataba wa 2007. Katika mgomo wa 2023 UAW chini ya rais wao Shawn Fain walidai pensheni na matibabu ya uzeeni yarudishwe kwa wote. Walipata nyongeza ya asilimia 25 mpaka 2028, walipata kampuni kuchangia asilimia 10 kwenye akiba ya uzeeni ya mtu binafsi. Matibabu hayakurudi.

Na hata uliye ndani, soma kitabu cha mkataba, usisikilize ya kusimuliwa. Januari 2015 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote tisa, iliamua kesi ya wastaafu wa kiwanda cha plastiki cha Apple Grove, West Virginia: mahakama zisikisie kwamba matibabu ya mstaafu ni ya maisha, zitazame maneno ya mkataba kama mkataba mwingine wowote. Mwaka 2018 ikasisitiza tena katika kesi dhidi ya CNH, watengenezaji wa matrekta: mkataba ulikwisha 2004, na faida zikaisha nao. Pensheni ikishakomaa sheria ya 1974 inailinda. Matibabu hayana ulinzi huo. Kwa hiyo tafuta vitu viwili kwenye kitabu chako: kama kuna maneno yanayosema faida inaendelea baada ya mkataba kwisha, na kama fedha yake imetengwa kwenye amana iliyo nje ya mikono ya kampuni. Sisi la kwanza hatukulipata. La pili tulilipata kwa wiki saba za baridi, na ndilo linalonilipia dawa leo, maana kampuni yenyewe imeshauzwa mara mbili tangu hapo.

Nyota zangu kwa jumla ni nne. Ningetoa nne na nusu kama isingekuwa ile miezi minne ya jirani yangu.

Mtoto wa kaka yangu yuko kwenye kiwanda cha kuunganisha magari tangu 2019, na mkataba wao unakwisha Aprili 2028. Juzi alinitumia ujumbe: "Shangazi, hicho kipengele cha matibabu nikitafute ukurasa gani?" Nimemwambia aje Jumapili na kitabu chote, pamoja na yule kijana wa kushoto niliyemfundisha, ambaye siku hizi ni mwakilishi wa zamu ya pili. Nitapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Tutaanza ukurasa wa kwanza.